Malalamiko ya Wakili Aliyefundishwa Nyumbani Kwake

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mafunzo,
Chama cha Mawakili.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: CHAMA KUNIFUATA SEBULENI NA KUNIFUNDISHA

Nakuandikia nikiwa na afya njema na moyo mzito. Mimi ni mwanachama mtiifu wa siku nyingi. Ofisi yangu iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Wenzangu mahakamani huniita Pingamizi, kwa sababu niliwahi kupinga kwa nguvu jambo ambalo upande wa pili walikuwa wamesimama kunikubalia. Jina hilo silionei haya. Mtu hujulikana kwa kazi yake.

Mwaka huu Chama kilitangaza kwamba semina ya mwaka, ile ya hotelini, imefutwa, na kwamba kila wakili atasoma kwa njia ya mtandao popote alipo, "ili huduma imfuate mwanachama." Ndugu Mwenyekiti, mimi sikuomba kufuatwa. Niruhusu nieleze madhara niliyopata, moja baada ya jingine, nawe utaona kama nasema uongo.

1. Chama kimeninyang'anya nguzo yangu.

Ukumbi wa ile hoteli una nguzo nene katikati. Nyuma ya nguzo kuna kiti, na kiti kile ni changu kwa matumizi ya muda mrefu yasiyopingwa na mtu, jambo ambalo wewe na mimi tunajua kuwa huzaa haki. Nikikaa pale mtoa mada hanioni, wala mimi simwoni, kwa hiyo tuliheshimiana sana. Nilikuwa nasinzia kwa adabu, bila kukoroma, na ilipofika saa ya chai niliamka mwenyewe. Nilirudi nyumbani na cheti, mkoba wenye nembo ya Chama, na uso wa mtu aliyetafakari mambo mazito.

Sasa mmeleta darasa ambalo kila mtu amekaa mstari wa mbele. Na kama hiyo haitoshi, kila baada ya muda kinachomoza kisanduku kwenye skrini na kuuliza: "Bado upo?" Nimehoji mashahidi maisha yangu yote, lakini sijawahi kumuuliza binadamu swali la kikatili namna hiyo. Mara ya kwanza nililifikiria kwa kina, kama lilivyostahili. Nilipopata jibu nilikuwa nimeshaandikwa sipo.

2. Chama kimenishusha hadhi mbele ya mke wangu.

Mke wangu ni mkunga. Miaka yote, nikirudi semina, nilimwambia nimechoka, naye alinitengea maji ya kuoga na kuwaambia watoto baba yenu asisumbuliwe. Siku ya somo la kwanza hakuwa na zamu. Na kwa kuwa nyumbani kwetu mtandao hushika vizuri kwenye meza ya kulia chakula tu, alinikuta pale nimejifunga tai, nimekodoa macho. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ndiyo semina hiyo?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa kinachochosha ni nini?"

Nikajitetea, nikamwambia kwamba mtu mwenye uzoefu kama wangu hana haja ya kufundishwa kila mwaka, sheria ni ileile. Mke wangu akacheka kwa pua.

"Sisi wodini tukichelewa kujua kitu kipya, mtu anakufa," akasema. "Nyinyi mkichelewa mnaomba kesi iahirishwe."

Kisha akavuta kiti, akakaa na beseni lake la viazi, akawa anamenya huku anasikiliza. Sikumpinga. Angalia nilivyoanza kuharibika.

3. Chama kimempa mwanafunzi wangu mamlaka juu yangu.

Mtoa mada wa siku hiyo alikuwa binti mmoja ambaye alijifunzia kazi ofisini kwangu. Namkumbuka alivyokuja na viatu vyake vya kubana, akiogopa hata ngazi zetu. Leo yuko kwenye skrini, ana miwani, ana michoro yenye mishale, mawakili wa nchi nzima wanamwandikia "asante sana". Nikamnong'oneza mke wangu, mnong'ono wa kawaida wa mtu na mkewe:

"Huyu naye atanifundisha nini? Huyu nilikuwa namsahihisha tarehe kila siku. Akiandika barua, Jumatatu inakuwa mwezi uliopita!"

Hapo ndipo nilipoona nyuso zote kwenye skrini zimenyanyuka kwa pamoja, kama kuku waliosikia mwewe. Mwingine alikuwa anakunywa chai, akapaliwa. Maikrofoni yangu, Ndugu Mwenyekiti, ilikuwa wazi.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini hata nyumbani tunakaa ghorofani, na chini yangu kulikuwa na jirani. Binti akavua miwani, akasema kwa upole ambao sijausamehe hadi leo:

"Mwalimu wangu amesema kweli. Tarehe zilinitesa sana. Ndiyo maana nikaamua kuzisomea, na leo somo letu ni tarehe."

Angenitukana ningemshitaki. Sasa mtu akikuheshimu unampeleka mahakama gani?

4. Chama kimenifanya nijue jambo.

Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Ninaye mteja, mama mtu mzima anayeuza miche ya miti katika kiwanja cha kupanga kando ya barabara iendayo mahakamani. Watu humwita Mama Miche. Mwenye kiwanja anataka kujenga ghala, na mahakama ya chini ikaamua mama atoke. Akanijia ofisini na udongo kwenye kucha, akaniambia, "Mwanangu, ile miche midogo ukiing'oa kabla ya wakati wake inakufa. Nitafutie muda tu." Nikamwambia asihangaike, tutakata rufaa, siku bado tunazo tele. Faili nikaliweka upande wa kulia wa meza yangu, ambako huweka mambo yasiyo na haraka.

Sasa huyu binti, kwenye mshale wake wa pili au wa tatu, akasema kwamba kanuni zimebadilishwa, na kwa kesi za upangaji muda wa kutoa taarifa ya kukata rufaa umekatwa nusu.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Nikahesabu tena nikianzia kidole kingine, labda vidole ndivyo vyenye kosa. Siku ya mwisho ilikuwa siku ileile.

Ilibaki njia moja tu ya kuwa na hakika, nayo ni kumuuliza yeye, mbele ya wote, mtu niliyetoka kumtangaza kuwa hajui Jumatatu. Nilikuwa na heshima yangu upande mmoja na miche ya yule mama upande wa pili, na ninaona aibu kukuambia jinsi mizani ilivyoyumba. Mke wangu aliacha kumenya. Alinitazama tu, jinsi anavyowatazama wanaume wanaozimia kwenye mlango wa wodi.

Nikanyoosha mkono. Mke wangu akaniambia mkono wenyewe hauonekani, unabonyezwa. Akanibonyezea.

"Kuna wakili mmoja," nikasema, "rafiki yangu. Ana hukumu iliyotolewa baada tu ya kanuni hizi kuanza. Je, zinamhusu?"

"Zinamhusu, mwalimu."

"Na kama siku yake ya mwisho ni leo?"

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniumiza. Ukumbini wangecheka.

"Basi mwambie huyo rafiki yako asingoje somo liishe," binti akasema. "Masjala inafunga saa tisa. Na mwambie taarifa hata ya kuandika kwa mkono inapokelewa."

Nilitoka mkuku. Mtu wa umri wangu na kitambi changu hakimbii, husogea kwa haraka na kelele nyingi, lakini nilifika. Karani wa masjala alikuwa ameshashika dirisha kulifunga. Nikatia kiwiko.

"Pingamizi," akasema, "leo unapinga nini?"

"Leo napinga saa," nikamjibu, nikaandika taarifa pale pale juu ya ubao wa dirisha, kwa mwandiko ambao nisingeupokea kwa mtu mwingine. Akaipiga muhuri.

Niliporudi nikapitia kwa Mama Miche. Alikuwa ameinama anamwagilia. Pembeni kulikuwa na mafungu ya miche aliyokwisha kuyafunga kwa majani makavu, tayari kuondoka, maana dalali wa mwenye kiwanja alikuwa amepita asubuhi kumwambia ajiandae. Nikamweleza kwamba rufaa imeingia, afungue mafungu yake. Nikamweleza pia nilikotoka. Akaweka ndoo chini.

"Umetoka darasani kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi rudi, mwanangu. Rudi upesi, usije ukafeli."

5. Chama kilinizibia mdomo siku ambayo nilikuwa na la kusema.

Nilirudi nyumbani nikakuta darasa linaendelea na mke wangu amekaa kwenye kiti changu, anacheka na mawakili kama watu waliokua pamoja. Kila kisanduku kilipouliza kama bado nipo, alikijibu kwa jina lake na kueleza kuwa mimi nimekimbia. Mtu mmoja, nisiyemjua hata kwa sura, akauliza, "Rafiki yako amewahi?" Wengine wakasogea karibu na kamera zao kusikia.

Nikasimama. Nikatoa hotuba ambayo sijawahi kutoa mahakamani wala harusini. Nilimshukuru binti, nikamwomba radhi, nikakiri kwamba ule mnong'ono ulitoka kwa mtu aliyekuwa anaogopa kupitwa. Nilipomaliza niliona wote wametulia, na binti anaelekeza kidole sikioni. Maikrofoni ilikuwa imezimwa. Mke wangu aliizima aliponipisha kiti kwenda kuangalia viazi.

"Rudia basi," mke wangu akaniambia kutoka jikoni.

Kitu kama kile hakirudiwi. Nikafungua maikrofoni nikasema, "Amewahi." Wakapiga makofi. Neno moja! Nimelipwa maisha yangu yote kwa maneno mengi.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, tazama hoja zinavyofuatana. Kama semina ingekuwa hotelini, ningekuwa nyuma ya nguzo. Ningekuwa nyuma ya nguzo, nisingesikia. Nisingesikia, nisingejua. Na nisingejua, leo ningekuwa mtu mwenye amani ambaye mteja wake amepatwa na bahati mbaya. Badala yake mimi ndiye niliyepatwa, kwa kuwa nimegundua kwamba sijui, na nimegundua mbele ya watu. Hata jina letu mmelitia doa. Mahakamani tunaitana "wakili msomi". Msomi ni mtu aliyekwisha kusoma. Mkitusomesha tena mnawatangazia wateja kwamba hatukumaliza, na Mama Miche sasa kila akiniona ananiuliza mitihani inaendeleaje.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Chama kiamue kama ifuatavyo: kwanza, masomo ya mtandaoni yafutwe mara moja na hoteli irudishwe. Pili, wanachama wote walioshuhudia siku ile waelekezwe kusahau. Tatu, wakili asiruhusiwe kumfundisha aliyemfundisha mpaka huyo wa kwanza awe amestaafu, na ikiwezekana amezikwa. Nne, na hili naliomba kwa unyenyekevu, kanuni yoyote isibadilishwe nchini kabla sijaulizwa kama nina faili upande wa kulia wa meza.

Mahakama ya juu imezuia mama asiondolewe mpaka rufaa isikilizwe. Naliweka hapa kwa ajili ya kumbukumbu tu, lisihesabiwe kuwa ni hoja dhidi yangu.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, na katibu wenu anayejibu simu kwa subira. Nisalimie mafundi wa mitambo, ambao, kwa jinsi maikrofoni yangu inavyobaki wazi, sasa wananitambua kwa pumzi. Kipekee nisalimie mtoa mada, na umwambie viatu vyake vya zamani bado viko nyuma ya kabati la mafaili, sikuvitupa. Mke wangu anawasalimu na anauliza ratiba ya mwezi ujao.

Naomba kubaki, kwa masikitiko na utiifu,

Wakili wenu wa ghorofani,
maarufu Pingamizi.

Baada ya sahihi: Jana walikuja ofisini mawakili wenzangu kadhaa, wazee wa rika langu, wakaketi kwenye benchi la wateja. Wanataka kukishitaki Chama ili masomo ya mtandaoni yafutwe, na kwa jinsi ninavyosifika kwa kupinga, wakaniomba niwaongoze. Nimekataa. Ndugu Mwenyekiti, watu hao wakifungua kesi, naomba unipe mimi kazi ya kukitetea Chama, bila malipo. Hoja zao zote ninazo, umetoka kuzisoma sasa hivi, na nakuhakikishia kama wakili kwamba hakuna hata moja inayosimama.