Baba Mkwe Ananifundisha Keram

Leo nimeaibika, tena ukweni. Naandika mapema, kabla Thierry hajawasimulia kwa namna yake.

Thierry ni mchumba wangu. Baada ya misa alinipeleka kwa wazazi wake, Gihosha. Ilikuwa mara yangu ya pili kufika pale. Mara ya kwanza mama yake alishatangaza kwamba hataki mukazana, yaani mke wa mwanawe, mwenye kucha za kubandika, maana hao hawaoshi hata kikombe. Nikaitikia kwa moyo wote. (Jana nikapita saluni. Kumi. Rangi ya maziwa, za kiasi tu.)

Mama akanishika mikono mlangoni.

"Kucha zimekua mbio hivi?"

"Nakunywaga maziwa mingi, mama."

Akaniamini. Mama mkwe gani huyu, nikawaza, nimeokota dhahabu.

Tulipomaliza kula, mzee akaleta ubao wa keram. Yeye ni mwalimu wa hesabu mstaafu, na kwake keram si mchezo. Ubao una shimo kila pembe. Unafyatua kete kubwa kwa kidole, nayo inasukuma kete ndogo mpaka ziingie shimoni.

"Thierry ameshindwa kujua," mzee akasema huku ananyunyiza poda ili kete ziteleze. "Tumebaki na we."

Hakuna kunitisha hapo, ni matumaini ya ukoo mzima tu.

"Usisukume. Fyatua. Kidole kimoja, akili yote."

Nikafyatua. Kete ikanirudia kifuani. Nikajaribu tena, nikaingiza kete ya mzee.

"Asante, mutoto wangu," akasema. "Unanisaidia sana."

Zamu ya tatu, malkia, ile kete nyekundu ambayo kila mtu anaitaka, ilikuwa imekaa mdomoni mwa shimo. Hata kipofu angeiingiza. Thierry akasogea. Mama akatoka jikoni na kitambaa begani. Nikaona ndiyo nafasi yangu ya kupendwa. Nikakunja kidole, nikafyatua kwa nguvu zote nilizopewa na wazazi wangu.

Kete kubwa haikutikisika. Kilichoondoka ni ukucha. Uliruka, ukatua kwenye poda, ukateleza taratibu kwa adabu zote, ukampita malkia pembeni, ukaingia shimoni.

Mzee akavaa miwani, akautoa, akaugeuza kwenye mwanga.

"Hii ni ya nani?"

(Kana kwamba kulikuwa na foleni ya wenye kucha.)

"Yangu, baba."

Akafikiri sana.

"Ukucha si kete. Apana, hauhesabiwi. Rudia."

Thierry alikuwa ameficha uso kwenye mto wa kiti, mabega yanatetemeka. Huyo ndiye nitakayeapa kuishi naye maisha yote.

Mama akachukua ukucha, akaniwekea kiganjani, akakifunga kwa upole kama mtu anayetoa sadaka.

"Bandua na hizo tisa, mwanangu. Halafu kuja, masufuria iko inakungojea."

Nimesugua matatu. Yamebaki manne, na la ugali limeungua. Anayetaka kucheka acheke polepole, simu iko karibu na sinki, ujumbe wenu unatokea juu ya kioo, na mama anajua kusoma.