Nafasi ya Pili kwa Godelieve

Ijumaa, 30 Oktoba 2020

Wametangaza! Nimesikiliza taarifa ya habari nikiwa nimesimama, kijiko mkononi, supu inapoa. Kuanzia Jumatatu, kwa sababu ya korona, hakuna kutembeleana majumbani. Ila! Kila mtu anaruhusiwa kuchagua mtu mmoja wa kukumbatiana naye. Huyo anaingia ndani, anavua barakoa, anakula, anakaa anavyotaka. Serikali yetu ya Ubelgiji imekaa kikao ikaliandika hilo kwenye karatasi rasmi. Anayeishi peke yake anapewa wawili, lakini wasije pamoja.

Godelieve wa namba 14 anaishi peke yake tangu Maurits wake afariki. Mtu wake wa kwanza ni Annelies, binti yake, hilo halina ubishi. Inabaki nafasi moja. Moja! Na anayeweza kuninyang'anya ni Odiel tu, wa namba 9, muuza nyama mstaafu, mikono kama makasia. Kabla ya Machi tulikuwa tukicheza karata sisi watatu kila Alhamisi kwenye mkahawa wa pale kona, na kila Alhamisi Odiel ndiye aliyewahi kiti cha karibu na Godelieve.

Tangu Machi hakuna aliyenigusa isipokuwa nesi wa chanjo ya mafua. Yule naye alivaa glavu. Nafasi hiyo ni yangu, bwana, liwalo na liwe.

Nimwulize moja kwa moja? Thubutu! Hivyo hufanya watu wasio na mpango. Mimi nimepanga ratiba za treni miaka thelathini na minane. Nimeandika hatua tano. Kuuliza ni ya tano.

Jumapili, 1 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote, mji wetu mzima wa Lokeren uko makaburini na maua. Hatua ya kwanza: Godelieve anikute nimepiga magoti, nasugua kaburi la marehemu mumewe.

Saa moja asubuhi nilikuwa getini. Ndoo, brashi, sabuni, na chungu cha krisanthemu za njano kizito mpaka mgongo ukalia. Ukungu ulikuwa umetanda, na pumzi ya kwenye barakoa ikanitengenezea mwingine kwenye miwani. Nikaenda kwa kupapasa. Nikasugua dakika hamsini. Jiwe liling'aa! Maandishi sikuyasoma, hata ndoo nilikuwa naitafuta kwa mguu.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Nikainamisha kichwa kwa huzuni ya kiungwana. Nikasikia kilio. Kinene mno kwa mwanamke. Nikafuta miwani.

Odiel! Na jiwe limeandikwa: Zulma Baetens, Mama Mpendwa. Nimemsugua mama yake Odiel! Maurits yuko safu inayofuata, ameota kuvu mpaka shingoni.

Ningesema nini? Nilisema alikuwa mama mwema. Sijapata kumwona maishani. Odiel akasema ndugu yangu Firmin, miaka yote hii nilikuona mtu wa hila, Mungu anisamehe. Akaendelea kulia, mita moja na nusu kutoka kwangu, kama sheria inavyotaka. Godelieve akapita na maua yake, akatupungia mkono sote wawili sawasawa. Sawasawa!

Jumatatu, 2 Novemba

Kengele ya mlango. Odiel, amevaa tai, kabeba sufuria ya supu ya nyanya yenye vidonge vya nyama. Akajikohoza. Akasema hana maneno mengi, ila kwa lile nililomfanyia mama yake, anaomba niwe mtu wake wa kukumbatiana. Alisimama kama mtu aliyekuja kuposa.

Nilitaka kufunga mlango. Halafu, loo, akili ikawaka! Odiel naye anaishi peke yake, ana nafasi mbili. Moja ni ya mwanawe. Akinipa mimi ya pili, kwisha habari yake! Kwa Godelieve hawezi kwenda tena. Mimi sina mtoto, kwa hiyo nikimchukua yeye bado nabaki na nafasi moja. Nikasema ndiyo, haraka mpaka akashtuka.

Akaweka sufuria chini, akanikumbatia. Mbavu zililia. Ananukia kitunguu saumu na sabuni ya kunyolea. Hakuniachia mapema, nami sikumharakisha. Kwa ajili ya mpango, si kwa jingine.

Alipoondoka nilicheza dansi jikoni na mwiko. Firmin, wewe ni kiboko!

Jumatano, 4 Novemba

Odiel jana kaja mara mbili. Leo bado mchana na keshakuja mara moja. Kaomba ufunguo wa nyumba, eti nikianguka bafuni atanikuta. Nimempa ili anyamaze. Sasa ananiita pacha.

Hatua ya pili imekamilika: nimemsifia Godelieve mapazia yake, kwa sauti, kutoka upande huu wa barabara. Hatua ya tatu ni kahawa bustanini. Hapo kuna mkorogo. Bustanini mgeni anaruhusiwa, lakini asipite ndani ya nyumba. Bustani yangu haina njia ila ya jikoni. Odiel ana geti la nyuma, bila shaka! Watu wengine huzaliwa na bahati zao.

Nimeegemeza ngazi mbili kwenye ukuta wa bustani, moja upande wa kichochoro, moja upande wangu. Nimetumbukiza kadi kwenye sanduku la barua la Godelieve: Kesho saa tisa, kahawa na tati, ile keki ya wali wa maziwa, pitia ukutani.

Alhamisi, 5 Novemba

Godelieve amekuja! Miaka sabini na mbili, buti za mvua, skafu nyekundu. Akapanda ngazi bila kushikwa. Alipofika juu akakaa, mguu mmoja huku, mwingine kule, akasema hashuki ng'o. Hapo anaona majiko ya watu wote, akishuka itambidi apande tena.

Nikampandishia kahawa kwenye beleshi. Akacheka mpaka nusu ikamwagikia kabichi zangu. Nami nikacheka mpaka tumbo likauma. Miezi minane! Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka akiwa amefumba macho.

Akatokea polisi wa mtaa na baiskeli yake kichochoroni. Akauliza huyu mama kisheria yuko wapi, bustanini au njiani. Nikamjibu yuko nusu kwa nusu. Akafungua daftari, akafikiri, akalifunga. Akataka tu kujua kama mama anaelewa kwamba choo changu haruhusiwi kukitumia. Godelieve akamwambia kijana, kibofu changu kina miaka mingi kuliko wewe na hakijawahi kuomba ruhusa serikalini. Polisi akaondoka na kipande cha tati, kesi imekwisha.

Nikaingia hatua ya nne, sifa za karibu. Nikasifu buti zake. Akanitazama, akauliza, Firmin bwana, mbona kama una neno? Nikamwambia ninalo, ila ni la kesho. Ratiba ni ratiba.

Hapo hapo mlango wa mbele ukalia. Odiel na ufunguo wake! Kaleta ulimi wa ng'ombe kwenye mchuzi. Akapita jikoni, akatoka bustanini, akanidaka kwa nyuma akaninyanyua juu kama nusu ya ng'ombe. Pacha! Umekula?

Godelieve kule ukutani akapiga makofi. Jamani, kumbe mmepatana! Mwaka mzima huu sijaona jambo zuri hivi! Akashuka upande wake akijifuta macho. Tati hakuigusa.

Jumamosi, 7 Novemba

Jana ndiyo ilikuwa siku ya hatua ya tano. Mvua ilinyesha. Suti na mvua haviendi pamoja, nikasogeza mpaka leo.

Leo saa nne nimevuka barabara, suti imepigwa pasi. Godelieve akafungua dirisha. Ndani mtu anapiga kodiani. Leopold! Mwalimu wa muziki wa mtaa wa pili, nyonga mpya ya bandia, nywele zote bado anazo. Sikumweka kwenye hesabu kwa sababu hachezi karata.

Godelieve alinieleza polepole, kama anayempa mtu habari za msiba. Nafasi ile alikuwa ameniwekea mimi. Wiki nzima alikuwa akipika kwa ajili ya watu wawili. Pale ukutani alijua kabisa nitasema, ndiyo maana alipanda na nyonga zake za uzee. Kisha akaona nilivyonyanyuliwa, akajiambia hawa wameshaliwazana, niwaingilie kwa nini? Jioni yake Leopold alipiga simu akamwuliza.

Akamwuliza tu! Hakusugua kitu!

Akasema Firmin wee, ungeniuliza. Ijumaa ile ile ya tangazo ungevuka barabara ukaniuliza, ungekuwa umekaa humu sasa hivi. Nikasema nimeelewa. Nikampongeza. Nikamsifia mapazia.

Nimerudi nyumbani nikakaa na suti yangu. Inauma. Niandike tu, maana hakuna anayesoma: inauma sana. Odiel aliingia, akaniona. Akanikumbatia na koti lake la mvua likiwa bado linadondosha maji, nami nikamshika mpaka suti ikalowa.

Jumapili, 8 Novemba

Nimeamka mtu mpya! Nimejifunza. Somo liko wazi, nimelipigia mstari kwa wino mwekundu: hatua tano zilikuwa chache mno.

Na bahati haijanikimbia. Godelieve amepiga simu baada ya misa ya kwenye televisheni. Anasema Leopold ataondoka katikati ya Desemba kwenda kukaa na dada yake kule Ostende, na atarudi mkesha wa mwaka mpya. Kwa hiyo, akasema, nafasi itakuwa wazi. Nilisikia saa yake ya ukutani. Akasema, haya, Firmin, mimi nipo hapa, nakusikiliza.

Mwingine angekurupuka! Mimi nilimshukuru kwa taarifa, nikakata simu, nikakimbilia rula na penseli.

Ratiba mpya imekamilika. Hatua kumi na nne, kila moja na siku yake, na siku mbili za akiba mvua ikinyesha. Odiel ameikagua, anasema ni kazi safi sana, haina hata tundu. Kumwuliza ni tarehe mbili Januari.