Kuhusu Kaka Yangu Aliyefika Mara Nne Bila Kushuka

Kwako Meneja wa Uwanja wetu wa Ndege,

Pokea salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni fundi magodoro. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza nje ya ua wa uwanja wako, upande zinakotua ndege. Yaani, zinakotakiwa kutua. Nimevumilia mengi bila kunung'unika, lakini sasa yamenifika shingoni.

Kaka yangu mkubwa alihama kisiwa hiki zamani, akaenda kutafuta maisha bara. Mwaka huu mama amedhoofika macho na miguu, akasema hana haja nyingine duniani ila kumshika mkono mwanawe wa kwanza. Kaka akakubali kuja. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Safari ya kwanza, ndege ilifika hadi juu ya paa langu, upepo ukaipiga ubavuni, ikapanda tena na kurudi ilikotoka. Mama alikuwa ameshaoga, amejipaka mafuta, amekaa kibarazani. Tukaambiwa kosa ni la upepo. Bwana Meneja, upepo huo mliukuta hapa. Mlipojenga, mlimuuliza nani unavumia wapi? Naomba uwanja ugeuzwe. Hata robo tu.

2. Safari ya pili ndege iligusa lami, ikadunda, ikaondoka kama aliyekanyaga kaa la moto. Abiria walikuwa kisiwani kwa muda wa kupiga chafya. Ofisi yako ikamweleza mama kwamba rubani alifanya vizuri sana. Mama akauliza, "Kwani akifanya vibaya ndiyo watashuka?" Hadi leo hajajibiwa.

3. Kuku. Kila safari tunachinja mmoja. Waliobaki sasa wakisikia injini tu huingia uvunguni, na kutaga wameacha.

4. Safari ya tatu, ng'ombe wa jirani yangu muuza maziwa walikuwa wamejilaza katikati ya njia ya ndege. Mlinzi wako aliwaomba waondoke kwa adabu mno, kana kwamba ni wakwe zake. Ndege ikazunguka, ikazunguka, ikaenda zake. Ng'ombe wakabaki.

5. Safari ya nne, ndege nyingine ilikuwa imepasuka tairi asubuhi hiyo na kukaa njiani, pua chini. Kuisogeza kulishindikana, kwa sababu kifaa cha kuisogezea kilikuwa bara, kinasubiri ndege ya kukileta. Kaka akapita juu kwa juu.

6. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kaka sasa anajihesabu kwamba amekuja. Juzi nilimpigia simu kumkumbusha habari ya mama, akaniambia, "Mdogo wangu, mimi mwaka huu nimeshafika kwenu mara nne. Nyinyi kwangu mmekuja lini?" Na mama naye, kila ndege ikipita bila kutua, huipungia mkono, kisha huingia ndani na kusema, "Amekonda."

Kwa heshima zote, napendekeza hivi. Dukani nina magodoro ya sufi ya kutosha. Niruhusu niyatandike mwisho wa njia, ndege iangukie hapo, gharama juu yangu. Kama hilo ni zito, rubani apunguze mwendo na kufungua mlango, sisi tutamdaka kaka. Vijana wa mtaani tumeshafanya mazoezi kwa gunia la sufi, na tulilikosa mara moja tu. Na hilo likishindikana, basi mama apandishwe kwenye mnara wa kuongozea ndege, apewe kipaza sauti, amwambie rubani mwenyewe, "Mwanangu, shuka." Katika maisha yangu sijaona mtu aliyesikia sauti ile akabaki juu.

Nisalimie wafanyakazi wote: mpima upepo, mama wa chai, na wazimamoto, ambao tunashukuru hawajawahi kuzima chochote.

Ni mimi, jirani yako ninayetazama juu,

Fundi Magodoro

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, kaka ametokea mlango wa jikoni, suruali imelowa hadi magotini. Amekuja na boti ya mizigo, juu ya mifuko ya saruji. Nikampa barua hii aone nilivyompigania. Akaisoma yote, akajikuna kichwa, akasema hajapanda ndege hata moja. Kila mara alikwenda uwanjani kwao, akaitazama ile ndege, miguu ikagoma, akarudi nyumbani. Akisikia imeshindwa kutua, anashusha pumzi. Basi naomba radhi kwa marubani wote, na kwa upepo. Ng'ombe siwaombi.

Mama amemshika mkono tangu alipoingia, hajamwachia hata ale. Kaka anataka kuondoka keshokutwa, na bahari imechafuka, boti hazitoki, imebaki ndege. Kwa hiyo mama ameniagiza niongeze hapa chini kwamba uwanja wako hauna kasoro yoyote, na ole wake atakayeurekebisha.