Tunadai Tusidaiwe

Jumatatu, 3 Machi

Redio imesema asubuhi: bunge litajadili kufuta mikopo ya waliosoma vyuo. Hatimaye! Miaka tisa sijalipa hata senti. Si ubahili. Ni msimamo. Elimu ni haki, na haki hailipiwi kwa awamu.

Nikampigia dada yangu kumpa habari njema. Kosa. Yeye alimaliza kulipa wake mwezi uliopita: miaka minane, mchana akifundisha hesabu, jioni akishona sare za shule. Akauliza kama na yeye atarudishiwa. Nikamwambia aache kijicho. Barabara ikitiwa lami, waliokanyaga matope zamani hawaji kuibomoa. Akakata simu. Bila shaka hoja ilimwingia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeunda umoja. Jina: Tunadai Tusidaiwe. Wanachama wawili. Wa pili ni jirani yangu tunayemwita Wakili, aliyesoma sheria na sasa anauza vifuniko vya simu. Naye akautaka uenyekiti! Tukapiga kura. Kila mmoja akapata kura moja. Tukarudia mara nne. Mwishowe nikampa cheo cha Katibu Mkuu Mtendaji, ambacho ni kirefu zaidi. Akatulia.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa kwanza, kwenye darasa la chekechea. Watu wazima thelathini na wanane juu ya viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Nikahutubia kwa moto. Nikapigiwa makofi mara tatu, ingawa kofi moja lilikuwa la mbu.

Kisha akasimama fundi viatu wa mtaani kwetu. Hakualikwa. Akasema yeye aliishia darasa la saba.

“Kodi yangu imekusomesha, mwanangu, na sina kinyongo. Ila mashine yangu ya kushonea viatu nimeikopea benki. Hiyo nayo tumwandikie nani barua?”

Nikamjibu kwamba swali lake litafikiwa kwenye mengineyo. Kisha nikayafuta mengineyo kwenye ajenda.

Tukatia saini ombi la pamoja. Nilisisitiza uwazi: jina kamili, namba ya kitambulisho, simu, mwajiri. Sisi hatujifichi! Muuguzi wa zahanati, anayelea wadogo zake wanne peke yake, alisita na kalamu mkononi. Akaniuliza kama ni salama. Nikamwambia aniamini. Akasaini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelipeleka ombi Bodi ya Mikopo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijiandaa kwa mapambano. Wapi! Karani alisimama kunipokea. Akanivutia kiti. Akaisoma orodha mstari kwa mstari, akawaita wenzake waje waone. Akasema wamewatafuta watu hawa miaka mingi. Yaani tunathaminiwa kiasi hicho! Mihuri mitatu. Akaniuliza kama ninao wengine.

Ijumaa, 14 Machi

Usaliti!

Barua zimefika kwa waajiri wote. Makato yaanze mwezi huu huu, pamoja na faini. Bosi wangu wa duka la rangi alinisomea yangu mbele ya wateja, na penye faini akarudia. Wakili amejiuzulu kwa maandishi, na sasa anasema hanifahamu. Anaishi mlango wa pili.

Jioni wanachama walikuja kwangu kwa wingi. Niliwasikiliza kwa makini, kutoka chini ya kitanda.

Jumapili, 16 Machi

Dada amekuja. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Alikaa bila kuvua mkoba begani, akasema hajawahi kupinga msamaha. Muuguzi asamehewe leo hii, yeye atakuwa wa kwanza kushangilia, na hatadai arudishiwe kitu.

“Lakini wewe ulikuwa na pesa za kulipa. Ukanunua spika ya muziki. Halafu ukamtanguliza yule binti mbele kama ngao.”

Nikasema hili ni suala la kanuni. Akasema kanuni yangu haina wadogo wanne wa kulisha.

Alipoondoka nilijaribu kusikiliza muziki. Spika ile ina mlio mbaya siku hizi.

Jumanne, 18 Machi

Jana dada aliomba ruhusa kazini, akampeleka muuguzi Bodi akiwa na vyeti vya shule vya wale wadogo wanne. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Bodi imempunguzia makato na kumfutia faini yote.

Ushindi wa kwanza wa Tunadai Tusidaiwe! Nimebandika tangazo mlangoni kwa fundi viatu, chini saini yangu: Mwenyekiti. Amelibandua, amelikata kuwa kiolezo cha soli. Wivu.

Mimi Bodi wamekataa kunisikiliza. Hawaniwezi. Nimesoma kanuni zao zote, na ukurasa wa kumi na nne umesema wazi: anayerudi chuoni, makato yake yanasimama. Nimeshajaza fomu ya shahada ya pili. Kwa mkopo, bila shaka. Fani: Maadili ya Fedha. Palipoandikwa “mdhamini” nimemjaza dada.

Sijamwambia bado. Atafurahi. Siku zote amekuwa mtu wa kupenda elimu.