Rais wa Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi mmoja tangu tumzike Mama. Dada kasema atamchukua Baba akakae kwake. Amchukue! Kama begi! Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa uraia, najua jamhuri za dunia zinavyoendeshwa, nyumba moja itanishindaje? Hapo hapo nikaitangaza nyumba hii jamhuri. Mfumo wa Marekani: rais mwenye nguvu zake. Mimi. Dada akauliza nani kanipigia kura. Uchochezi mtupu.

Baba alikuwa kwenye kiti cha Mama, kile cha dirishani.

Jumanne, 5 Machi
Dada kaja na shemeji, dereva wa lori, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Dada kasema kama mimi ni rais, yeye ni Bunge, na Bunge limeninyima bajeti. Akarudi kwake na sufuria lake la mchuzi. Sikujua kama amesoma mambo haya!

Nimekula mkate mkavu. Baba sijui alikula nini.

Jumatano, 6 Machi
Nimehamia Ujerumani. Kule rais ni wa heshima: anatia saini, anapokea wageni. Anayetawala ni kansela. Baba rais, mimi kansela. Cheo kimemkaa! Asubuhi nilimkuta kwenye kile kile kiti, na shati la jana. Hatoki ofisini! Akatia saini uteuzi wangu bila kusoma.

Jioni Dada na shemeji wakapiga kura ya kutokuwa na imani nami. Nikacheka. Nikawaeleza kwamba kule humwondoi kansela mpaka umchague mwingine kwanza. Dada akasema basi, ni yeye. Shemeji akanyoosha mkono. Nimeanguka kwa somo langu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Dada kalia. Kasema Mama angetuona angesikitika. Roho ikaniuma. Nikamtolea mfano wa San Marino: wakuu wa nchi wawili, cheo sawa, muhula miezi sita tu. Akafuta machozi. Akasema hilo ni jambo la maana: Baba akae miezi sita kwake, miezi sita kwangu.

Tungeishia hapo. Lakini nikataka kuanza mimi. Akasema aanze yeye, Baba amekonda. Nikasema basi wananchi waamue. Kura ya maoni! Mpiga kura mmoja, Baba. Hawezi kuiacha nyumba ya Mama. Nimeshashinda.

Ijumaa, 8 Machi
Nilitoboa boksi la viatu likawa sanduku la kura. Nikahutubia. Nikamkabidhi Baba karatasi. Hakuipokea.

"Mwanangu," akasema, "kile kitanda kimekuwa kikubwa. Tangu mama yako aondoke nalala kwenye hiki kiti. Wewe umenipa urais, umenipa na kalamu. Hujaniuliza hata siku moja kama nimekula."

Shemeji akabeba begi. Dada akamshika Baba mkono kwenye ngazi. Nililia jikoni, bomba nimelifungulia nisisikike.

Jumapili, 10 Machi
Dada kapiga simu. Baba sasa analala kitandani, chumba kimoja na wajukuu. Anakula. Ila kila chakula kikiwekwa mezani anamuuliza Dada: "Mdogo wako amekula?"

Nikashtuka. Nikamuuliza Dada kama Baba anauliza kwa cheo chake cha urais au kama raia wa kawaida. Maana kama ni rais, basi bado anaitambua serikali yangu! Dada akakata simu.

Sijui kakasirikia nini. Nyumba kimya. Ninaandika haya kwenye kiti cha Mama, chumbani hakulaliki. Hata hivyo kosa nimeligundua: mifumo yote ile ilikuwa mibovu. Kesho naanza na Uswisi. Kule wanatawala watu saba, wanapokezana urais kila mwaka, hakuna ugomvi.

Nimebakiza kupata sita.