Mashine Inayogeukia Papo Hapo

Jumapili, 4 Mei

Nyasi zimefika magotini. Si maneno yangu, ni ya mke wangu, na ameyasema mbele ya ukoo mzima. Sherehe ya harusi ya kitindamimba wetu ni Jumamosi hii. Binti anataka ifanyike hapa nyumbani, kwenye uwanja aliojifunzia kutembea. Mahema yameagizwa, viti vimeagizwa. Kilichobaki ni nyasi tu.

Mashine yetu ya zamani, ile ya kusukuma, imekufa. Niliifungua mwezi jana ili niiongezee nguvu. Nilipomaliza kuifunga nikabaki na nati kadhaa mkononi, na tangu siku hiyo haijakohoa hata mara moja.

Ndipo mdogo wangu akajipitisha. Uwanja wake ni tambarare, umenyolewa, umelala kama mkeka, ndiyo maana moyoni namwita Mkeka. Akasema kwa upole kabisa kwamba kaka asihangaike, sherehe ihamie kwake. Kwa upole! Wageni wakakanyage nyasi za mdogo wangu siku ya mwanangu wa mwisho? Nikaapa palepale kwamba nitakata nyasi zangu kwa mashine ambayo ukoo huu haujapata kuiona. Mke wangu akanitazama. Akasema haya, baba watoto, una mpaka Ijumaa adhuhuri. Ikipita hapo, mahema yanakwenda kwa shemeji.

Nimeshaapa.

Jumatatu, 5 Mei

Dukani. Mkeka naye, eti ananisindikiza.

Muuzaji amevaa tai, na macho yake ni ya tai yule mwingine, anayeruka. Nimempa jina hilohilo. Akatuonyesha kitu! Unakaa juu yake kama mfalme. Hakina usukani. Mbele ya kiti kuna mikono miwili ya chuma. Ukiisukuma yote, mashine inakwenda mbele. Ukiivuta, inarudi. Ukisukuma mmoja na kuvuta mwingine, inageukia papo hapo iliposimama, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau ufunguo. Niliipenda palepale.

Kisha maswali. Tai akauliza uwanja wangu una ukubwa gani. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema kweli, Mkeka akakohoa. Nikasema unakaribia uwanja wa mpira. Tai akauliza kama ni tambarare au una mteremko, maana magurudumu ya mbele ya mashine hizi yanajizungukia yenyewe, na kwenye mteremko, hasa nyasi zikiwa na maji, yanakwenda yanakotaka. Mkeka akainama kutazama viatu vyake. Anaujua vizuri mteremko wangu. Wanangu waliuteremka kwa maboksi utoto wao wote. Nikasema ni tambarare kama meza.

Kwa uwanja wa mpira ulio kama meza, Tai akanishauri nichukue ile pana kuliko zote. Ila akauliza geti langu lina upana gani. Geti! Nani anajua upana wa geti lake? Tukarudi nyumbani.

Jioni binti aliniomba nikae naye kidogo barazani, tuongee. Nikamwambia kesho. Nilikuwa nasoma vijitabu vya Tai.

Jumanne, 6 Mei

Futi ya kupimia haionekani. Nikapima geti kwa mkanda wa suruali, nikautia alama kwa kalamu, nikauvaa, nikaondoka. Ujanja huo! Dukani nikauvua nipimie mashine. Habari ya suruali sikuifikiria. Wateja wawili waligeukia ukutani kwa heshima. Mkeka hakugeuka.

Ile pana haipiti. Ya katikati inapita kwa unene wa kidole. Nyembamba inapita bila shida, na kusema kweli ndiyo inayonifaa, lakini Mkeka alikuwa wa kwanza kuisema. Nikaikataa. Basi ya katikati. Sasa, ya petroli au ya betri? Ya petroli inanguruma na kutoa moshi. Ya betri haina kelele, lakini kuna faida gani kukalia mashine kama ile na mtaa usisikie? Tena betri ikiisha katikati ya kazi, Mkeka atacheka mwaka mzima. Lakini petroli nayo inamwagika. Nimerudi bila uamuzi.

Mvua imenyesha mchana kutwa. Nimesimama dirishani, na nasema kweli, nimeziona nyasi zikikua. Mke wangu akapita nyuma yangu akasema mchagua nazi hupata koroma. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Akasema sawa, baraka zako tutaziona Ijumaa. Binti akachungulia mlangoni kuuliza kama sasa nina nafasi. Sikuwa nayo.

Jumatano, 7 Mei

Nimechagua! Ya katikati, ya petroli, yenye kiti cha kuegemeza viwiko. Tai amekubali niijaribu nyumbani kwanza, halafu ndiyo tukate shauri. Inaletwa kesho.

Kabla sijaondoka akataka kunifundisha kuisimamisha. Akasema mambo yakiwa magumu, mzee, wewe fungua mikono tu. Nikasema najua. Akasema ngoja nikuonyeshe. Nikasema najua, bwana, nimeendesha vyombo vikubwa kuliko hiki. Chombo kikubwa nilichowahi kuendesha ni baiskeli ya mizigo, lakini Mkeka alikuwa anasikiliza. Tai akaniuliza tena kuhusu mteremko. Meza, nikasema. Meza!

Nyumbani nimekwenda kuutazama. Sijawahi kuuona mkali namna hii. Unaanzia pale uwanja wa mbele ya baraza unapokoma, unapita kwenye kamba ya kuanikia nguo, unaishia mtaroni. Nimeutazama kutoka juu, nikashuka nikautazama kutoka chini. Naogopa, na hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Alhamisi, 8 Mei

Imefika! Ilipita getini wote tukiwa tumezuia pumzi. Nikapanda. Nikasukuma mkono mmoja, nikavuta mwingine. Ikageukia papo hapo. Nikairudia. Nikairudia tena. Nilizunguka mpaka mke, binti na nyumba vikawa kitu kimoja. Niliposhuka ilibidi nikumbatie nguzo ya baraza.

Tatizo ni kwamba kugeuka nimekuweza, kwenda mbele bado. Kila nikiisukuma mikono yote miwili, mmoja unatangulia. Kufikia alasiri nilikuwa nimekata duara moja safi sana katikati ya uwanja. Mke wangu akauliza kama tunategemea helikopta.

Mkeka akaja, eti kusalimia. Akalizunguka duara taratibu, mikono nyuma. Akasema ni duara zuri, kaka. Nilitamani ardhi immeze yeye, si mimi.

Baadaye binti akaja na vikombe viwili vya chai, akakaa ngazini. Changu nilikinywa nikiwa juu ya mashine, injini inawaka, maana nilikuwa nimeanza kuupata ule ufundi wa kwenda mbele. Alisema jambo, refu kidogo. Sikumsikia. Nikaitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 9 Mei

Niko hai. Niseme hilo kwanza.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri ajabu. Sehemu yote ya tambarare nimeimaliza mwenyewe, karibu yote kwa kwenda mbele. Ukabaki mteremko, na adhuhuri inakaribia. Nyasi zilikuwa bado zimelowa. Mke wangu, asiyeniamini, alikuwa amempigia Tai, kasimama barazani simu sikioni. Nilifikiria kuacha. Kisha nikamwona Mkeka anaegesha gari nje ya geti.

Nikashuka. Mwanzoni nilikuwa mfalme. Halafu magurudumu ya mbele yakaamua safari yao. Nikavuta mikono, mashine ikaserereka. Nikasukuma mmoja, ikageukia papo hapo, kama ilivyoahidiwa, lakini ikaendelea kushuka, sasa kinyumenyume. Nikawa naitazama nyumba yangu ikipanda mlima. Mke wangu akapiga kelele kwamba Tai anasema nifungue mikono. Fungua mikono! Fungua mikono!

Nikaifungua. Yote miwili, mpaka mwisho, kama mtu anayempokea mgeni wa mbali.

Sasa nimeelezwa kwamba alimaanisha mikono ya mashine. Unaitanua nje, mmoja kushoto, mmoja kulia, nayo inafunga breki. Mimi nilifungua ya kwangu. Lugha hii yote kubwa, hawakupata jina jingine la kuviita vile vyuma?

Kamba ya nguo ilinidaka mgongoni. Ilikuwa imeanikwa vitambaa vya meza vya sherehe, vyote, vimefuliwa asubuhi hiyohiyo. Mimi nikabaki na vitambaa, mashine ikaendelea na safari mpaka mtaroni, ikalala ubavu, ikazima. Kukawa kimya. Mke wangu akaja mbio akimweleza Tai kwamba mashine iko mtaroni, nikasikia sauti ya Tai simuni ikimuuliza, kwa adabu, kama kwenye ile meza kuna mtaro.

Adhuhuri ikapita. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Akamgeukia shemeji yake, wakasemezana. Nikakaa ngazini kusubiri mahema yahame. Nilimwona binti dirishani, nikashindwa kumtazama. Nilitaka kulia.

Lakini mahema hayakuhama. Mkeka alitoa kwenye gari mashine yake kuukuu ya kusukuma, akavua shati, akaanza na mteremko, juu, chini, juu, chini, bila neno. Alipomaliza alikunywa maji, akanipiga bega, akaondoka. Sherehe itafanyika hapa. Namshukuru. Ila kwa haki lazima niseme kwamba mistari yake haikunyooka.

Jumamosi, 10 Mei

Sherehe imekwisha. Watu wamecheza mpaka uwanja umekuwa tope, na hakuna hata mmoja aliyetazama nyasi. Nilijitahidi. Niliwashika mkono wageni kadhaa nikawaonyesha sehemu niliyokata mimi na sehemu aliyokata Mkeka. Waliitikia na kwenda kutafuta chakula.

Kabla ya kuondoka binti alinivuta nyuma ya nyumba. Akasema baba, wiki nzima nakuomba ukae na mimi. Akasema alikuwa anaogopa kuondoka, anaogopa sana, na alitaka nijue mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku ile ya chai alinieleza yote, nikaitikia kwa kichwa. Akasema hakutaka nyasi fupi. Hata zingefika kiunoni, sherehe yake angeifanyia hapahapa.

Nikamshika mkono tukarudi uwanjani. Nililia mbele ya watu, Mkeka akiwemo, na sikujali. Kesho binti na mumewe wanasafiri kwenda mbali, mume amepata kazi huko, na gari lao linaondoka alasiri. Akaniomba nije asubuhi kwenye nyumba yao ya kupanga. Nisilete kitu. Nije tu, nikae. Nimeahidi kwa moyo wote. Nampenda mtoto huyu kuliko chochote chenye magurudumu na kisicho na magurudumu.

Jumapili, 11 Mei

Niliamka mapema, nikavaa vizuri, nikatoka nina furaha. Njiani nikawaza: mtoto anaanza maisha, mzazi anakwendaje mikono mitupu? Alisema nisilete kitu, lakini watoto husema hivyo. Na duka lilikuwa njiani. Si njiani hasa, lakini upande huohuo wa mji.

Tai aliponiona alikwenda kusimama mbele ya mashine zake kubwa. Nikamtuliza. Safari hii nataka ndogo, ya kusukuma, ya nyumba ya watu wawili. Akashusha pumzi. Kumbe amepokea aina mbili mpya! Moja kikapu cha nyasi kiko nyuma, nyingine kiko ubavuni. Cha nyuma hakikwami ukutani. Cha ubavuni ni rahisi kumwaga. Hili si jambo la kuamuliwa na mtu aliyesimama. Nikaomba kiti.

Nilipofika kwa binti mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nilifika bila kitu vilevile, maana suala la kikapu tulikuwa hatujalimaliza. Mama wa nyumba ya pili akaniambia walisubiri sana, na kwamba yule dada alikuwa akitoka kila mara kutazama barabara. Nikakaa kwenye ngazi za binti. Nilikaa muda mrefu, peke yangu, kama alivyotaka tukae wawili.

Jioni amenipigia simu kutoka njiani. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Hakunilaumu. Nikamwomba msamaha, nikamwapia kwamba sasa nimejifunza, sitarudia. Kisha, nadhani ili tu tusikate simu, akasema ameambiwa nyumba wanayokwenda ina uwanja wa nyasi mbele, mkubwa.

Nimemwambia asimruhusu mtu yeyote auguse. Kesho duka likifunguliwa, nitakuwa mlangoni.