Nitrojeni Yangu Iko kwa Kiragu

Noah Kibiwott,
Mkulima wa ekari sita,
Kitale.

Kwa Bwana Mukhisa,
Msimamizi, Maabara ya Udongo Kulima Kwema,
Bungoma.

Bwana Mukhisa mpendwa,

Pokea salamu, wewe na mashine zako. Mimi ni yule mzee aliyeleta nusu kilo ya udongo, akiupakata kutoka Kitale hadi Bungoma kama mtoto anayekwenda kubatizwa. Nilianza ukulima na robo ekari ya kukodi na jembe la kuazima. Sijawahi kubishana na hesabu, na ndiyo maana naandika.

1. Karatasi yako ilisema udongo wangu una miligramu 61 za nitrojeni kwa kila kilo, na kwamba mahindi hutosheka na 25. Ukaandika kwa kalamu nyekundu nisiongeze mbolea. Nikatii. Leo mahindi yamefika magotini na ni manjano kama vifaranga.

2. Jirani yangu Kiragu hajapima udongo tangu azaliwe. Yeye hupima mbolea kwa kifuniko cha soda, kila shina kifuniko kimoja, basi. Mahindi yake ni ya kijani mpaka yanakaribia kuwa meusi. Jumapili, baada ya ibada, aliniuliza mbele ya watu ati nitrojeni yangu imeamka ama bado inasali. Watu wakacheka. Mchungaji pia, kidogo.

3. Sasa tupige hesabu. Ilikuwapo 61. Kwa mahindi yangu haimo. Nitrojeni haina miguu, lakini mizizi ina safari zake. Shamba la Kiragu liko upande wa chini, na ua ulio kati yetu ni wa mita 140, lakini huko ardhini hauzuii kitu. Simtaji mtu.

4. Nimeanza kuchimba mtaro wa futi tatu kando ya ua huo. Nimefika mita 90. Kiragu alisimama akauliza kama nazika mtu. Nikamwambia bado.

5. Chifu atatusikiliza Jumanne. Naomba uje na mashine, upime shamba la Kiragu, umwachie 25 zake za halali, na zinazobaki uziandike kwa jina langu. Kama nitrojeni ikishaliwa hairudi, nitapokea mahindi yenyewe, mistari kumi na minne kuanzia kwenye ua wetu. Sitaki afungwe. Ndiye aliyenisaidia kung'oa visiki vya ekari yangu ya kwanza, na tangu nianze mtaro hatujanywa chai pamoja. Lakini usichelewe, maana mahindi yakitoa mbelewele yakiwa hivi, mwaka huu nitavuna majani.

Nisalimie wafanyakazi wote, yule dada wa mapokezi aliyenipa kiti, na mama anayeuza parachichi hapo langoni.

Ni mimi, niliyetii karatasi,
Noah Kibiwott.

N.B. Mke wangu Dinah amesoma barua hii na kusema lazima nikueleze udongo ulitoka wapi. Najua mliagiza nichote sehemu kumi na tano shambani, nichanganye. Lakini mgeni hapokelewi jikoni, na singepeleka hadi Bungoma udongo wa kuniaibisha. Nilichota wote mahali pamoja, pale ng'ombe wangu walipolala miaka tisa. Pamejiotea mahindi kumi na moja, ya kijani kabisa, na hadi leo sielewi kwa nini Kiragu aliniachia hayo.